Huyu ni wa Macho

"Mshike vizuri. Kifua kikae kiganjani, kichwa kitazame kwapani kwako. Asipoona, hana fujo."

Nikamshika jogoo wangu. Swala ya alfajiri ilikuwa imekwisha lakini giza bado, na simu nilikuwa nimeibana kwa kidevu ili taa imulike chini. Bibi akalikunjua bawa la kulia kwa ncha za vidole, polepole, kama anayekunjua khanga mpya. Alipofika karibu na bega akasita.

"Wewe waliona hilo?"

Nililiona. Kwenye weusi ule unaong'aa kijani kama mgongo wa mbawakawa, nyoya moja jeupe. Dogo, halifiki urefu wa kidole changu cha mwisho.

"Usimwachie."

Akalivuta mara moja. Jogoo akatoa sauti fupi, akatulia. Bibi akalitia lile nyoya kwenye pembe ya khanga yake, akapiga fundo, vile vile afungavyo noti ya elfu tano. Kisha akamtazama jogoo kuanzia kilemba hadi manyoya ya miguuni, akasema: "Huyu ni wa macho, mwanangu."

Nikafurahi sana.

Saa sita mchana jogoo wangu akawa wa kwanza kwenye onyesho la kuku. Leo ni wiki ya kumi na moja, na ile alfajiri haijanitoka.

Mabawa

Bibi anaishi Mabawa. Ndiyo, hapa Tanga mjini kuna mtaa unaitwa Mabawa, na sikuuchagua mimi ili kupendezesha habari hii. Mimi nakaa Makorora, na kwa baiskeli si mbali. Nilimjua kwa bahati tu: nilipeleka kadi ya harusi kwa jirani yake, nikachungulia ua wa pili, nikaona viumbe vitatu chini ya mwarobaini ambavyo sikuvidhania kuwa kuku. Vilikuwa mviringo kama mito ya kochi, vyeusi, na miguu haionekani kwa manyoya.

Kochini, aina ya kuku wa mapambo. Nilisimama pale mpaka Bibi akaniuliza kama nimepotea.

Nilikuwa na picha yangu kichwani kuhusu kufuga kuku wa mapambo: unanunua, unawalisha, wanapendeza, watu wanakuja kupiga picha. Miezi mitatu ya kwanza Bibi hakunipa kuku. Alinipa fagio. Nilifagia banda, nikabadilisha maranda, nikayaanika yaliyolowa, nikafagia tena. Nilidhani ananipima subira. Baadaye masika yakaingia, nikaelewa. Kuku mwenye manyoya miguuni akikanyaga matope, tope huganda kwenye vidole kama saruji, na usipoliondoa kwa maji ya uvuguvugu na subira, linavunja manyoya, linachubua, panaoza. Masika ya Tanga hayamjali kuku wa mtu. Banda kavu ndilo somo lenyewe, mengine yote yanasimama juu yake.

Na joto. Hawa asili yao ni China, wamevikwa manyoya ya baridi, halafu sisi tunawaweka Tanga. Januari, kaskazi ikivuma, Kochini anahema mdomo wazi kama aliyekimbizwa. Bibi humwagia mchanga maji chini ya mwarobaini wajilaze juu ya ubaridi, hubadilisha maji ya kunywa mara tatu, na mahindi hayatolewi mchana kabisa, maana tumbo likisaga mahindi mwili unazidi kuchemka. Chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila miezi mitatu, hairuki hata kama yeye mwenyewe anaumwa.

Kisha likaja somo la macho. Aliniketisha kwenye kigoda mbele ya vijogoo wawili wa miezi mitano, akaniambia nichague yupi abaki na yupi aende sufuriani. Akaingia ndani kupika. Alirudi baada ya saa nzima.

Nilikosea. Wiki iliyofuata nikakosea tena, na ya tatu.

"Watazama rangi," akasema. "Rangi ni ya mwisho. Kwanza umbo. Mfumbie jicho moja, mtazame kama kivuli. Kivuli chake ni mpira? Au ni kuku wa sokoni aliyevaa koti?"

Katika vijogoo kumi, Bibi hubakiza mmoja, mwaka mzuri wawili. Wanaodhani kazi hii ni ya watu wenye mioyo laini hawajakaa naye. Sijapata kula pilau ya kuku kama miezi ile.

Mwari

Kuna jambo lazima niliseme kuhusu Bibi, la sivyo alfajiri ile haitaeleweka. Kabla magoti hayajamsumbua, alikuwa kungwi. Nusu ya wake za watu wa mtaa ule wamepita mikononi mwake. Anajua singo, anajua hina, anajua kufukiza udi mpaka nguo ikumbuke mwezi mzima. Siku nilipomuuliza kwa nini aliacha, alijibu: "Wari wa siku hizi wana simu. Kuku hawana."

Kwa hiyo jogoo wa maonyesho kwake ni mwari, na maneno anayoyatumia ni yale yale. Siku tatu kabla, jogoo anaogeshwa katika mabeseni matatu: la kwanza maji ya uvuguvugu na sabuni laini, la pili maji matupu, la tatu maji yenye siki kidogo, ili sabuni yote itoke na manyoya yasishikane. Povu linafuata manyoya kuelekea mkiani, halirudi nyuma. Magamba ya miguu yanapitishwa mswaki laini. Kilemba kinapakwa mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole, kidogo tu, yakizidi vumbi litanata. Kisha anawekwa ndani, Bibi anasema hivyo hivyo, "kuwekwa ndani", kwenye tundu lenye maranda masafi, mbali na mitetea wasije wakamvunja manyoya ya mgongo. Kila jioni anaguswa kifua kwa kijiti chembamba, taratibu, mpaka azoee kusimama wima akitazamwa na mgeni.

Mimi nilikuwa msaidizi. Nachota maji, nashika taulo, nasikiliza.

Sasa elewa: ukitoka kwenye siki, mafuta na kijiti, mkono unaong'oa nyoya moja jeupe haukushtui. Unaonekana ni hatua inayofuata tu. Nani anamuuliza bwana harusi kama ametaarifiwa kwamba nyusi za mkewe zimechongwa?

Nililiona tofauti usiku wa siku ile ile, nikiwa nimelala, cheti kikiwa mezani. Kuosha ni kuonyesha alichonacho. Kung'oa ni kuficha alichonacho. Nikajiambia hivyo nikaridhika kwa muda wa dakika moja. Kisha nikakumbuka wanja. Kisha hina, ambayo haikuzaliwa na mtu. Nikageuka upande wa pili.

Uingereza na Marekani, ambako mashindano haya yana kanuni zilizochapishwa, kumdanganya hakimu kwa kuficha kasoro huhesabiwa udanganyifu, na kuku anaweza kuondolewa. Nilisoma hivyo baada ya kushinda. Ningesoma kabla, sijui kama ningemwachia jogoo. Bibi alisema nisimwachie.

Alama 100

Onyesho lenyewe halina mengi. Wafugaji kumi na wawili, kuku thelathini na mmoja, ua wa mwenzetu Raskazone chini ya miembe. Hakimu alikuwa bwana mifugo mstaafu mwenye karatasi aliyochapisha, alama 100 zimegawanywa kwa umbo, rangi, kichwa, miguu, afya. Alifungua bawa la jogoo wangu, akahesabu yale manyoya makubwa ya nje. Kumi. Yote yapo, yote meusi. Akaandika.

Njiani asubuhi ile, kwenye bajaji, Bibi alikuwa amenong'ona: "Lingekuwa katika yale kumi nisingeligusa. Pengo laonekana."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Lakini nilikuwa nimepakata kikapu, na jogoo alikuwa mzuri kupita kiasi.

Baadaye nilitaka kujua mambo haya ya alama yalianzaje, nikidhani nitapata mahali pa kujitetea. Uingereza walipiga marufuku kupiganisha majogoo mwaka 1835. Miaka kumi baadaye, 1845, wakafanya onyesho kubwa la kuku kwenye bustani ya wanyama ya London. Ni katika miaka hiyo hiyo kuku wakubwa kutoka China, mababu wa Kochini wangu, walipofika na kuingia hadi kwenye mabanda ya Malkia Victoria, na watu wakapagawa. Bei zikapanda kama za farasi. Mwaka 1865 kikatoka kitabu cha kwanza cha vigezo huko Uingereza, Wamarekani wakatoa chao 1874.

Sikupata pa kujitetea. Watu walikuwa wanalipa fedha nyingi kwa kuku waliyemwona mara moja tu, wakitarajia watoto wake wafanane naye. Ukiondoa maneno mazuri, vile vitabu viliandikwa kwa ajili ya mnunuzi.

Zawadi ilikuwa mfuko wa chakula cha kuku na cheti kilichokosea jina langu.

Mayai manane

Mnunuzi wangu alitoka Muheza. Kijana mpole, amevaa kofia ya kiua, alimzunguka jogoo mara mbili bila kusema kitu. Akaomba namba.

Nilirudi nyumbani nikamtia jogoo kwa mitetea wangu wawili. Sikumwambia Bibi, sikuona cha kumwambia, jogoo ni wangu. Wiki ya tatu nilikuwa na mayai manane, nikayauza shilingi 5,000 kila moja. Akayachukua mwenyewe, ameyafunga kwenye pumba ndani ya boksi la viatu.

Hakuniuliza kama jogoo ana kasoro. Nimelirudia hilo mara nyingi: hakuniuliza.

Kazini mimi ni mhasibu, duka la vifaa vya ujenzi. Nimekamata makosa mengi katika vitabu vya watu, na ni mara chache sana kosa huwa namba ya uongo. Mara nyingi ni mstari ambao haukuandikwa.

Siku ishirini na moja zikapita. Tetea wake wa kienyeji aliyeyaatamia akatotoa watano. Akanitumia picha: vidonge vitano vyeusi, tumbo la rangi ya maziwa, na ncha za vibawa nyeupe. Chini yake akaandika: "Dada, hii nyeupe kwenye mabawa ni kawaida?"

Ni kawaida. Vifaranga wa kuku weusi huzaliwa na weupe tumboni na kwenye ncha za mabawa, na wakivaa manyoya ya ukubwani weupe huo huondoka. Kila mfugaji anajua. Nikamjibu: "Kawaida kabisa."

Neno la kweli, na nililiandika huku mkono umelowa jasho.

Maana usiku uliotangulia nilikuwa nimelikunjua bawa la jogoo. Nyoya ukilikata kwa mkasi, kishina hukaa pale pale mpaka kuku anyonyoke. Ukiling'oa, mwili huanza kulitengeneza jingine baada ya wiki chache tu. Palepale karibu na bega kulikuwa na kijiti kipya bado kimo ndani ya ala yake, na nchani ala imepasuka kidogo.

Jeupe.

Sasa hapo pana mambo mawili, na hakuna mtu anayeweza kukuambia ni lipi kwa kutazama. Huenda shina la nyoya liliumia zamani, kakwaruzwa na waya au kaparuliwa na mwenzake, na kovu hutoa nyoya jeupe, hilo halirithiwi. Au weupe umo kwenye damu, na utajitokeza kwa wanawe. Njia ya kujua ni kusubiri watoto wakue. Na watoto wako Muheza.

Fundo la khanga

Nilikwenda Mabawa nikiwa na hasira niliyoiandaa vizuri.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona wahema? Kaa." Alikuwa anachambua dagaa wa kuku, anatoa mawe.

Nikasema bila kukaa: "Bibi, sisi tulidanganya."

"Tulimdanganya nani?"

"Hakimu."

"Hakimu alikuja kutazama. Katazama." Jiwe likaanguka kwenye sahani. "Wataka nimwitie na daktari?"

"Na aliyenunua mayai?"

Mikono yake ikasimama.

"Mayai gani?"

Nikamweleza. Wakati naeleza, niliona uso wake unabadilika kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilikuja nikiwa mlalamikaji, na kufika katikati ya habari sikuwa tena.

"Nilikwambia huyu ni wa macho," akasema.

"Nilidhani wamsifu."

"Nimsifu!" Akacheka, si kicheko cha furaha. "Mtu akisema chakula hiki ni cha macho, wewe utakila? Jogoo wa macho hapewi mitetea. Nilidhani hilo wajua. Nilikupa fagio miezi mitatu nikadhani wajua."

Akanyanyuka kwa shida, akanipeleka nyuma ya nyumba, upande ambao sikuwahi kufagia. Kulikuwa na jogoo mmoja na mitetea wanne. Nisiseme uongo: alikuwa na sura ya aliyegongwa na pikipiki. Mkia umechakaa, manyoya ya miguu yamevunjika, na nyuma amekatwa kwa mkasi mpaka ngozi inaonekana. Lakini nikafumba jicho moja kama nilivyofunzwa. Kivuli chake kilikuwa mpira.

"Baba wa wote hawa. Babu wa huyo wako. Hajaonyeshwa hata siku moja."

"Na mkasi?"

"Kochini ana manyoya mengi nyuma. Usipomnyoa, apanda kutwa na mayai hayana kitu. Wataka uzuri au wataka vifaranga?"

Kisha akaleta kopo la maziwa ya unga, la zamani, limeshika kutu ukingoni. Ndani mlikuwa na manyoya meupe. Sikuyahesabu, lakini yalizidi ishirini, kila moja limefungwa uzi: mwekundu, wa bluu, wa njano, mengine nyuzi mbili. Bibi haandiki. Kila uzi ni kuku, na kila kuku humo ndani ni kuku ambaye alimng'oa nyoya, akampeleka kuonyeshwa au akamweka uani apendeze, na hakumruhusu kuzaa. La juu kabisa, lenye uzi mwekundu, lilikuwa la jogoo wangu. Lilitoka kwenye lile fundo la khanga.

Yeye alikuwa na daftari. Mhasibu hakuwa nalo.

Bado sikubaliani naye kuhusu hakimu, nilimwambia hivyo pale pale, na naliandika hapa kwa kuwa najua atasomewa. Aliyekuwa wa pili alikuja na jogoo ambaye hakung'olewa chochote, akaondoka bila mfuko wa chakula. Bibi anasema jogoo yule ana mgongo uliopinda na nyoya moja lisingemwokoa. Huenda ni kweli. Lakini hatujui, kwa sababu tuliling'oa.

Alinitazama kidogo. "Basi mwakani mpeleke nalo," akasema, akarudi kwenye dagaa wake.

Muheza

Jumapili nikapanda gari la Muheza. Simu ingetosha, lakini nilihofia kwamba kwenye simu ningetafuta maneno mazuri.

Kijana alinikaribisha, akanionyesha vifaranga kwa fahari, wamo kwenye tenga na mama yao wa kienyeji ambaye alinitazama kana kwamba anajua nilichofuata. Nikamweleza yote: nyoya, alfajiri, fundo, kijiti kipya. Nikamwambia kwamba weupe alionionyesha kwenye picha ni wa kawaida kweli, ila kuna weupe mwingine ambao sikumwambia.

Akakaa kimya. Akamchukua kifaranga mmoja, akalinyoosha bawa lake dogo, akalitazama, akamrudisha.

"Nitajua lini?"

"Wakivaa manyoya ya ukubwani. Miezi mitano, sita."

"Na yakitoka?"

"Narudisha fedha yako yote, au unachukua vifaranga kwa Bibi yangu. Utakachotaka wewe."

"Hewala." Akafikiri. "Hilo tutalisubiri. Lakini Dada, mayai yalikuwa manane, walitoka watano. Yale matatu niliyapasua. Hayakuwa hata na alama ya damu, ni mayai ya chai. Hayo tuyaongee leo."

Nikakumbuka mkasi. Nilikuwa sijamnyoa jogoo wangu hata nyoya moja, nisije nikamharibia uzuri.

Nikahesabu shilingi 15,000. Na yeye akazihesabu. Kisha akanifungashia machungwa, mengi kuliko niliyoweza kubeba, akanisindikiza mpaka kwenye gari.

Jogoo sasa anakaa peke yake. Nyoya limekamilika, limelala begani kama tone la chokaa, na watoto wa jirani wanaliona kutoka mlangoni. Jana Bibi alipita kwangu, jambo ambalo hafanyi mara nyingi kwa ajili ya magoti. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu, akalikunjua bawa, akaliangalia lile nyoya kwa muda. Vidole vyake vilikuwa juu yake. Akanitazama.

Akalikunja bawa, akalirudisha mahali pake.

"Mitetea wako wapi?"

"Nimewatenga, Bibi."

"Haya. Nipe maji ninywe."